Acha Kidonda Kikauke Kwanza

  

Mwezi huu sizungumzii mahari, wala mawifi, wala nani alipe bili mkienda kula. Nazungumzia maua. Subiri kwanza, usigeuze ukurasa! Najua kuna akina kaka wameshaanza kusonya. Nipe dakika kumi tu, kwa sababu maua haya nusura yanivunjie ndoa, na ni hayo hayo yaliyonifundisha jambo ambalo semina zote za ndoa nilizohudhuria hazikunifundisha.

Nazungumzia ile mimea ya majani manene, inayotunza maji ndani ya majani au shina lake. Wenye maduka ya maua wanaiita sakulenti. Ukikwama kwenye foleni Barabara ya Bagamoyo utaiona imepangwa kando ya njia ndani ya vyungu vya kila rangi. Siku hizi kila ofisi ina mmoja juu ya meza, na kila nyumba ya kupanga yenye kibaraza ina miwili mitatu. Wengi tunainunua, inakufa, tunanunua mwingine. Wachache tunajua kwamba mmea mmoja unaweza kukupa kumi bila kutoa hata senti, mradi ujue pa kukata na, zaidi ya yote, ujue kusubiri.

Mimi nilikuwa sijui vyote viwili.

MAJANI MATATU NDANI YA KHANGA

Mama yangu alifariki mwaka jana, huko kwetu Tanga. Baba alitangulia zamani. Mzee alikuwa mtu wa mashamba ya mkonge, akamwachia mama nyumba ya Ngamiani yenye uani mdogo wa saruji. Pale uani, ndani ya sufuria kuukuu iliyotoboka, kulikuwa na mshubiri, au alovera kama wengi tunavyouita.

Watoto wote wa nyumba ile tumepita mikononi mwa mshubiri ule. Ukiungua jikoni, mama anakata jani, anakupaka ule ute wa baridi. Mdogo wangu alipokataa kuacha ziwa, mama alijipaka ule utomvu wa njano kwenye chuchu. Siku mbili tu, mtoto kaacha mwenyewe. Wanaosema jambo fulani ni chungu kama shubiri, sisi tunajua wanasema nini.

Baada ya arobaini tulikaa kikao cha familia. Kaka yangu akasema nyumba iuzwe, kila mtu apate haki yake, yaishe. Kwa hoja alikuwa sahihi. Mimi sikuwa na hoja, nilikuwa na machozi tu, na machozi hayahesabiwi kwenye mirathi. Nyumba ikauzwa. Mnunuzi akasema atauvunja uani ajenge vyumba vya kupangisha. Ile sufuria yenye mshubiri aliichukua mama mdogo, anayekaa mtaa wa pili. Yeye ndiye mkubwa wetu aliyebaki, nisingeweza kumnyang'anya.

Siku ya kukabidhi funguo nilikata majani matatu ya mshubiri, makubwa kuliko yote, nikayafunga ndani ya khanga ya mama, nikapanda basi kurudi Dar. Njia nzima nimeyapakata kama mtoto mchanga. Niliona nami nimepata urithi wangu.

MAJI YA UPENDO

Tunaishi Tabata, ghorofa ya pili, mimi na mume wangu, ndoa yetu bado changa. Nilitafuta kopo la rangi, nikajaza udongo mweusi wenye mbolea, nikayachomeka majani yale matatu wima, nikayaweka kibarazani.

Mume wangu si mtu wa maua. Lakini aliona jinsi ninavyoyaangalia, naye akaamua kusaidia. Kila asubuhi, kabla hajaenda kupambana na foleni, anachota kikombe cha maji, anayamwagia. Jioni akirudi, hata viatu hajavua, kikombe kingine. Nilimwona. Sikumkataza. Kwa kweli nilifurahi, nikajisemea huyu mwanaume ananipenda.

Wiki ya pili jani la kwanza likaanza kulainika pale chini. Wiki ya tatu yote matatu yamekuwa kama ndizi iliyosahaulika kwenye friji, na harufu ikaanza. Nikalivuta moja, likanikatikia mkononi. Chini ni uji mtupu. Mzizi hata mmoja hakuna.

Yeye alikuwa amesimama mlangoni na kile kikombe chake. Nikamgeukia, nikamwambia neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka naona aibu. Nilimwambia, "Umemuua mama yangu mara ya pili."

Hakujibu. Aliweka kikombe chini taratibu, akachukua funguo, akatoka. Alirudi usiku wa manane, akalala kwenye kochi. Siku nne tuliishi kwa maneno mawili: "Umekula?" "Nimekula." Wewe uliye kwenye ndoa unajua siku nne za namna hiyo zina urefu gani.

MAMA MDOGO ACHEKA

Siku ya tano nilimpigia mama mdogo.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti hivyo?"

Nikamweleza yote, mpaka lile neno nililolisema. Nilitegemea atanionea huruma. Mama mdogo alicheka! Alicheka mpaka akakohoa.

"Nani kakwambia mshubiri unapandwa jani? Jani la mshubiri ni dawa, halina mtoto ndani yake. Mshubiri unazaa miguuni pake. Huyo mumeo hata angemwagia maji ya Zamzam, lile jani lisingeota. Kosa la kwanza ni lako, mwanangu. Na la kumtukana pia ni lako."

Nilinyamaza. Ningesema nini? Nilikuwa nimemhukumu mtu kwa kuua kitu ambacho mimi mwenyewe nilikipanda kikiwa hakina uhai mbele yake.

Kesho yake akanitumia kifurushi kwa basi. Nilikwenda kukipokea Stendi ya Magufuli, Mbezi. Ndani ya gazeti kulikuwa na vitoto vinne vya mshubiri, vikavu, havina hata chembe ya udongo. Akanipigia: "Usivipande leo wala kesho. Viweke kivulini mpaka pale nilipokata pakauke, pawe na ngozi. Kidonda kibichi ukikipa maji, kinaoza."

KWA NINI KIDONDA KIKAUKE

Hapo ndipo nilipoanza kusoma na kuulizauliza, na nimegundua kwamba mama mdogo, ambaye hakusoma botania, yuko sahihi mia kwa mia.

Mmea wa majani manene umejaa maji ndani. Ukiukata, pale ulipokata ni mlango wazi. Ukiuchomeka kwenye udongo wenye maji siku hiyo hiyo, kuvu na bakteria waliomo kwenye udongo wanaingia kupitia mlango huo na kuozesha kipande kabla hakijapata nafasi ya kutoa mzizi. Ukiuacha kivulini kwenye hewa, mmea wenyewe unajifunga: kidonda kinakauka, kinaota ngozi ngumu. Baada ya hapo ndipo mizizi inapochomoza salama.

Na wala usiogope kwamba utakufa kwa kiu. Maji yake umebeba wenyewe. Mimea mingi ya jamii hii ina utaratibu wa peke yake: inafungua vitundu vyake vya kupumulia usiku, wakati kuna ubaridi, na kuvifunga mchana ili jua lisiibe maji. Kipande kinene kinaweza kukaa mezani wiki kadhaa bila tone la maji na kikawa hai.

Kipande chembamba au jani dogo lisubiri siku mbili tatu. Mtoto wa mshubiri au jani nene, siku tano hadi wiki. Shina nene, wiki moja mpaka mbili. Kwa sisi wa Dar, Tanga na Zanzibar, ambako hewa ina unyevu mwingi, ongeza siku kidogo. Na kama ni masika, kati ya Machi na Mei, viweke mahali ambapo mvua ya upepo haifiki.

KILA MMEA NA NJIA YAKE

Kosa langu kubwa lilikuwa kudhani mimea yote ni sawa. Ni sawa na yule dada anayetaka kumpenda mume wa pili kwa njia zile zile alizompendea wa kwanza. Sikiliza:

Mshubiri. Usihangaike na jani. Subiri watoto wanaochomoza pembeni ya mama yao. Mtoto akifikia urefu wa kiganja na akawa na majani manne matano, mtoe mmea wote kwenye chungu, mtenganishe kwa kisu kisafi. Akitoka na mizizi yake ni bora zaidi. Na tafadhali, usiende kung'oa mishubiri ya porini. Biashara ya kimataifa ya jamii zote za mshubiri wa porini inadhibitiwa na mkataba wa CITES. Huu wetu wa nyumbani, alovera, ndio ulioachwa nje ya udhibiti huo.

Sansevieria. Ni yale majani marefu yaliyosimama kama mapanga, yenye milia. Huu jani lake linaota. Likate vipande vya sentimita 7 hadi 10, lakini kumbuka upande upi ulikuwa chini, maana ukikipandikiza kichwa chini miguu juu, hakioti. Mimi huwa nakata upande wa chini kwa mshazari ili nisisahau. Mizizi inaweza kuchukua mwezi au miwili, na chipukizi jipya miezi zaidi. Halafu kuna siri moja: kama wako una ukingo wa njano, mtoto atakayetoka kwenye jani atakuwa wa kijani tu. Ukingo ule haurithiwi kwa njia ya jani. Ukiutaka, gawa shina lenyewe na mizizi yake.

Kalankoe na echeveria. Hapa jani zima ndilo mbegu. Lishike karibu na shina, lizungushe taratibu litoke lote na kitako chake. Likikatika nusu, tupa. Lilaze juu ya udongo, usilifukie. Baada ya wiki chache utaona vinyuzi vya rangi ya waridi, ndiyo mizizi, kisha kichwa kidogo kinachomoza. Lile jani mama litazidi kusinyaa. Usilitoe! Linamlisha mtoto. Litakauka lenyewe kazi yake ikiisha. Kuna na kalankoe nyingine za Madagaska ambazo watoto wanaota pembezoni mwa jani wakiwa bado juu ya mama. Hizo hata usipotaka zitakujazia kibaraza.

Krasula. Ni kile kimti chenye majani manene yanayong'aa, asili yake Afrika Kusini na Msumbiji. Kata tawi la urefu wa kidole, ondoa majani ya chini, kausha, panda.

Mnyaa nao unaota kwa tawi, na wazee wetu wamekuwa wakichomeka fito zake kuwa uzio kabla sisi hatujazaliwa. Lakini maziwa yake ni hatari, hasa machoni. Kama una mtoto mdogo nyumbani, achana nao.

Na ule mnaouita ZZ, wenye majani yanayong'aa kama yamepakwa mafuta, ambao unauzwa bei ya kutisha kwenye vyungu vya kisasa? Huo ni wa kwetu. Asili yake ni Afrika ya mashariki, kuanzia Kenya kushuka hadi Afrika Kusini, Zanzibar ikiwemo. Wakulima wa maua wa Uholanzi walianza kuuzalisha kwa wingi miaka ya 1990, ukawa wa dunia nzima. Unaota kwa kijani kimoja tu, lakini ujiandae: kwanza unatengeneza kiazi kidogo chini ya udongo, na unaweza kukaa nusu mwaka na zaidi huoni kitu juu. Ni mmea wa watu wenye imani.

SITINI NA MBILI TU

Ukidhani haya ni mambo madogo ya akina mama wa kibarazani, nikukumbushe habari ya mkonge, ambao nao ni mmea wa majani manene, na ndio uliotusomesha sisi watoto wa Tanga.

Mkonge si wa kwetu. Asili yake ni Mexico. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Dk. Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Safari ilikuwa ndefu, ikapita Ulaya, na mingi ikafia njiani. Iliyofika hai ilikuwa 62. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani.

Mkonge huu hauzai mbegu kwa urahisi. Unaishi miaka kadhaa, unatoa mlingoti mmoja mrefu wa maua, kisha unakufa. Lakini kabla haujafa unaacha vimche vidogo vingi sana juu ya mlingoti, na maotea pembeni ya shina. Kwa njia hiyo, miche ile 62 iliyonusurika ikawa mashamba, mashamba yakawa reli, makambi, shule na hospitali. Kufikia miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa inaongoza duniani kwa katani, zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Baba yangu alikula mshahara wake hapo.

Kwa hiyo ukipoteza majani matatu, usitangaze msiba. Kuna watu walipoteza miche 938 wakaendelea na iliyobaki.

MAKOSA MATATU YA WAPENDANAO

Nimeshaotesha mingi tangu hapo, na nimeharibu ya kutosha. Makosa yanayoua ni yale yale.

La kwanza ni maji ya mapema na ya kila siku. Ukishapanda kipande kilichokauka, kaa wiki nzima ndipo umwagie kidogo. Baada ya hapo, chomeka kidole kwenye udongo. Ukihisi unyevu, ondoka. Ukikuta pakavu kabisa, mwagia mpaka maji yatoke chini, halafu sahau.

La pili ni nyumba mbaya. Chungu kizuri kisicho na tundu chini ni kaburi lenye marumaru. Mimi natumia makopo ya rangi na ya maziwa yaliyotobolewa kwa msumari. Udongo wa bustani fungu moja, mchanga wa mto wenye chembe kubwa fungu moja, na kokoto ndogo kidogo. Mchanga wa ufukweni hapana, una chumvi. Jua la asubuhi linatosha. Lile la saa saba mchana linaunguza vichanga.

La tatu ni kufukuafukua. Umepanda Jumatatu, Alhamisi unavuta uone kama kuna mizizi. Mizizi michanga ni myembamba kama uzi, ukiivuta umeikata, unaanza upya. Na wewe unayepekua simu ya mwenzako kila akienda kuoga, usijifanye husikii. Ukitaka kujua kama mzizi umeshika, gusa kipande taratibu kwa kidole. Kikikataa kutikisika, kimeshika. Inatosha.

KARATASI KIBARAZANI

Sasa turudi Tabata.

Vile vitoto vinne nilivipanga juu ya gazeti kibarazani, pale kivulini. Sikumwambia kitu mume wangu, bado tulikuwa kwenye lugha yetu ya umekula, nimekula. Asubuhi ya tatu nilipoamka nikakuta karatasi imebandikwa ukutani juu ya vile vitoto. Mwandiko wake. Imeandikwa: USIMWAGIE.

Nikamuuliza ameandika ya nani. Akasema, "Yangu. Mkono wangu umezoea."

Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa amempigia mama mdogo mwenyewe, akaomba maelekezo.

Mpenzi msomaji, nilikaa chini pale kibarazani nikalia. Yeye akaja, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nikamsubiri aseme, "Basi, usilie, mama yuko mahali pema." Hakusema. Alikaa tu, kama nusu saa, tunaangalia watoto wanacheza mpira chini.

Nilimwomba msamaha kwa lile neno. Na mimi nikasema la kwangu ambalo nilikuwa silijui mpaka siku ile: kwamba tangu tumzike mama, kila nikilia yeye ananiletea kikombe cha maji. Nikinyamaza, anawasha vichekesho kwenye TV. Nikikosa usingizi, ananiambia twende Coco Beach tukapunge upepo. Kila kitu kizuri, kila kitu kwa upendo, na kila kitu mapema mno. Sikuwa nimekataa maji. Kidonda kilikuwa bado kibichi.

Akaniambia, "Mke wangu, niliogopa. Nilidhani nikikaa kimya utaona sijali."

Nadhani wanandoa wengi tuko hapo. Mmoja amekatika mahali fulani, kafiwa, kafukuzwa kazi, mimba imeharibika, na mwenzake anakimbia na kikombe kwa sababu kukaa mikono mitupu kunauma. Wewe mwenye kikombe, kaa naye karibu, mweke kivulini, msogezee chakula, basi. Na wewe uliyekatika, mwambie mwenzako kwamba bado, usimwache akisie halafu umtukane akikosea.

Lakini nisieleweke vibaya. Kukausha si kutelekeza. Kitoto cha mshubiri ukikisahau juu ya gazeti miezi, kitasinyaa, kitakula maji yake yote ya ndani, na mwisho kitakufa kikavu. Ipo siku ya kuacha na ipo siku ya kumwagia, na anayekupenda anajifunza kutofautisha.

Siku ya tisa tulivipanda. Wiki moja baadaye akachukua kikombe chake, akaniangalia. Nikamwambia, "Mwagia." Alimwaga maji yale kama anahesabu matone.

Kimoja kilioza hata hivyo. Vitatu vimeshika. Cha kwanza kipo kibarazani kwetu, na wiki iliyopita kimetoa kitoto chake cha kwanza miguuni. Cha pili tumempa mama mkwe.

Cha tatu ni cha kaka yangu. Kiko tayari, kimejaa kopo lake, lakini tangu siku ile ya kikao hatujasemezana vizuri, na sijampelekea. Kwa muda mrefu nilijilaumu kwa hilo. Sasa najiambia palikuwa bado pabichi. Juzi nimejigusa pale kwa kidole, taratibu, nikaona hapaumi kama zamani. Na nilichowaambia ninyi kuhusu kusinyaa kinanihusu na mimi. Jumamosi hii naenda kwake Kigamboni na kopo langu. Jinsi alivyonipokea, nitawapa habari.

Tukutane toleo lijalo. Mpaka hapo, pendaneni, na punguzeni maji.